Daftari la katuni za kila siku limekwama: dalili, sababu na matengenezo

Mezani kwangu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, natengeneza redio na simu. Mteja akileta redio iliyonyamaza, siifungui. Naichomeka kwanza, naangalia waya, napangusa vichwa vya betri. Redio nyingi "zilizokufa" hufufukia hapo, bisibisi bado iko kwenye droo.

Jumamosi jioni meza hiyohiyo hubadilika kazi. Tunaizunguka watu sita au saba, kila mmoja na daftari lake, tukichora katuni za siku zetu: visanduku viwili, vinne, wakati mwingine kimoja, kuhusu jambo lililotupata Lubumbashi siku hiyo. Kwa miaka ambayo tumekaa hivyo nimeona kwamba daftari huharibika kama redio. Malalamiko ni yaleyale. Anayefika leo huleta tatizo aliloleta mwenzake mwaka jana, na karibu wote hutaja ugonjwa mmoja: uvivu. Mimi uvivu huo sijauona bado. Nimeona ukurasa mkubwa mno, biki iliyoziba, mshumaa uliowekwa upande mbaya, na kijana aliyetaka kulipa deni la siku kumi na nne usiku mmoja.

Tafuta dalili yako, acha nyingine. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi, nikashuka hadi ile adimu. Usirukie ya mwisho kwa kuwa inakupendeza zaidi. Wateja wangu nao hupenda kuambiwa kwamba kilichoungua ni "prosesa".

Dalili ya 1: Unachora siku nne au tano, halafu daftari linalala majuma mawili

Hili ndilo tatizo linalokuja mezani kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Ukurasa ni mkubwa kuliko siku yako.* Jaribio ni rahisi. Washa saa ya simu, chora ukurasa wako wa kawaida mwanzo hadi mwisho, kisha soma muda. Ukipita dakika ishirini, umeshapata kosa. Siku ya mapumziko dakika za kutosha zipo. Siku uliyosimama kwenye foleni ya maji na bidoni mbili, ukarudi na taxibus iliyoharibika njiani, hazipo, na siku za namna hiyo ni nyingi.

Tengeneza hivi. Chukua karatasi moja ya A4, ile ya kawaida ya fotokopi. Ikunje katikati mara tatu, kila mara ukipunguza upande mrefu, kisha ifungue: utaona vyumba nane. Ikunje tena mara moja, ncha fupi kwa ncha fupi. Kwa mkasi, kata kuanzia kwenye mkunjo, kwenye mstari wa kati, hadi ufike mstari unaokatiza, na usipite hapo. Fungua karatasi, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume zikutane. Tundu la katikati litafumbuka, na karatasi itajikunja yenyewe kuwa kijitabu cha kurasa nane, kila ukurasa kama milimita 74 kwa 105. Ukurasa wa kwanza ni jalada. Saba zinazobaki ni Jumatatu hadi Jumapili.

Karatasi moja, juma moja. Inaingia kwenye mfuko wa shati. Ukurasa wa ukubwa huo haubebi visanduku sita hata ukilazimisha, na ndiyo sababu ninaupenda.

*Unalipa madeni.* Umekosa Jumanne. Jumatano unaamua kuchora mbili. Umechoka, unakosa zote mbili, Alhamisi zinakuwa tatu. Kufika Jumapili daftari limekuwa kama mwenye duka unayemkwepa njiani. Angalia: je, siku ulizokosa umeziachia kurasa tupu "nitajaza baadaye"? Kama ndiyo, kosa ni hilo. Kwenye siku iliyopita andika tarehe, piga mstari wa mshazari, endelea na leo. Mwenzetu mmoja huchora kichwa kidogo kilicholala, sekunde tano, basi. Daftari lake lina vichwa vingi vilivyolala na halijafa.

*Uchoraji wako hauna kitu cha kuegemea.* "Nitachora usiku" hakutoshi, usiku ni mrefu. Ufunge kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku bila kukumbushwa: maji ya chai yanapochemka, au mama anaposonga bukari, yaani ugali, na wewe huna ruhusa ya kukaribia sufuria. Muda wa kungoja chakula umezalisha katuni nyingi Kamalondo.

*Daftari ni zuri mno.* Mjomba amekuletea kutoka ng'ambo daftari lenye jalada gumu na utepe wa kuwekea alama. Unaliogopa. Weka glasi ya chai yenye maji chini yake juu ya ukurasa wa kwanza, iache duara. Au mpe mtoto wa jirani biki na dakika mbili. Likishachafuka linakuwa la kazi.

*Hupendi katuni.* Hii ni adimu, lakini ipo. Mtu alikuja miezi miwili akichora visanduku kwa shida, tukagundua kwamba alichotaka ni kuchora baiskeli. Sasa anachora baiskeli na ana furaha.

Ukitaka kujua kama jambo hili linawezekana kwa mtu mwenye maisha ya kawaida: Mmarekani James Kochalka alianza kuchora katuni fupi ya siku yake mwishoni mwa Oktoba 1998, akaendelea hadi mwisho wa 2012. Katuni zenyewe ni ndogo, za mistari michache. Angejipa ukurasa mzima wenye rangi na vivuli, sidhani kama angeiona 1999.

Dalili ya 2: "Siku yangu haikuwa na kitu"

*Unachora ratiba.* Kisanduku cha kwanza umeamka, cha pili umekula, cha tatu umefanya kazi, cha nne umelala. Hiyo ni siku ya kila mtu, ndiyo maana inakuchosha mwenyewe. Chagua dakika moja, acha saa zote ishirini na nne zipite. Mfano wa juzi: usiku wa manane umeme umerudi. Kisanduku cha kwanza ni cheusi chote. Cha pili ni sauti za watoto wa jirani tu: "Inarudiaaa!" Cha tatu, watu wote wa nyumba wamesimama, mmoja na pasi, mwingine na chaja tatu, mwingine anasukuma ndoo chini ya bomba. Cha nne ni cheusi tena, na mbele yake shati lenye mkono mmoja ulionyooka. Hakuna mtu aliyefanya jambo kubwa. Imechukua dakika nane.

*Unangoja kichekesho.* Kwa sababu inaitwa katuni, unafikiri lazima kisanduku cha mwisho kichekeshe. Si lazima. Jaribu juma moja la kuishia kisanduku kimoja kabla ya pale ulipotaka kuweka mzaha. Mara nyingi kile ulichokiacha ndicho kilikuwa kinakuzuia kuanza.

*Hukuangalia.* Hapa kuna dawa niliyoikuta kwa Lynda Barry, mchoraji wa katuni ambaye amefundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Unagawa ukurasa wako: upande mmoja mambo saba uliyofanya leo, upande mwingine mambo saba uliyoona, chini yake maneno uliyosikia mtu akiyasema, na mchoro mdogo wa haraka. Dakika chache, bila kufikiri sana. Siku tatu za kwanza orodha ya "niliyoona" itakuwa na uvivu: gari, mti, mtu. Siku ya nne utaanza kuona kwamba mama anayeuza kinywaji cha munkoyo hufunga kifuniko cha bidoni kwa kipande cha mfuko mwekundu, na kwamba dereva wa taxibus ana stika mbili zinazopingana, moja ya Mungu na moja ya bia. Hapo umepona.

*Siku imejaa jambo ambalo hutaki kulichora.* Msiba, ugomvi wa nyumbani, kazi iliyopotea. Kalamu inagoma kwa sababu unazunguka jambo lenyewe. Chora kitu kimoja tu cha pembeni, kama viatu vya wageni mlangoni, tarehe, hakuna maneno.

Simama hapa. Ikiwa kurasa zako kwa majuma mawili au zaidi zimejaa kutolala, kutokula, kutaka kufa au kujidhuru, daftari si dawa ya hilo na wachoraji wenzako si waganga. Mwonyeshe mtu mzima unayemwamini, kisha mwende pamoja kwa daktari au kituo cha afya. Ikiwa wazo la kujiua liko leo, nendeni leo, na msimwache mtu huyo peke yake.

Dalili ya 3: Maneno hayaingii kwenye kiputo

*Umechora kiputo kwanza.* Karibu kila mgeni hufanya hivi. Anachora mtu, anachora kiputo kizuri cha yai, halafu anaanza kusukuma herufi ndani hadi zinabanana mwishoni kama abiria wa saa ya kutoka kazini. Geuza mpango: andika maneno kwanza, kwa penseli, sehemu ya juu ya kisanduku, zungushia kiputo, mtu achorwe katika nafasi inayobaki. Anayesema kwanza awe kushoto na juu kidogo. Kosa hili pekee likirekebishwa, watu wengi hawahitaji kusoma zaidi.

*Neno lenyewe ni refu.* Kiswahili hubandika kila kitu kwenye kitenzi. "Tutakapoonana" ni herufi kumi na tatu bila nafasi ya kupumulia, na katika ukurasa wa milimita 74 neno hilo ni ukuta. Bahati nzuri, silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo unaweza kulikata bila kumwumiza msomaji: tutaka- mstari wa juu, poonana mstari wa chini. Usikate kati ya konsonanti na irabu yake. Na kabla ya kukata, jiulize kama mtu anasema hivyo kweli. Ndugu zangu wangesema "siku ingine", wakaondoka.

*Watu wako wanazungumza kama kitabu cha shule.* Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mimi hapa naandika Kiswahili ambacho msomaji wa Mombasa na wa Dodoma atakielewa bila kukuna kichwa. Lakini kwenye daftari langu mama yangu haongei hivi, kwa sababu hajawahi kuongea hivi. Anasema "uko unafanya nini?" na kabla sentensi haijaisha ameweka maneno mawili ya Kifaransa na moja la Kiluba. Kijana akichora ugomvi wa stendi na wote wawili wakagombana kwa Kiswahili sanifu, kisanduku kimekufa, hata kama kimechorwa vizuri. Tena sanifu huongeza maneno, na kiputo hujaa.

Fanya jaribio: soma kiputo kwa sauti mbele ya mtu wa nyumba yako. Akicheka mahali ambapo hukukusudia, andika upya. Kinshasa, miaka ya 1990, Papa Mfumu'eto alitoa vijitabu vyake vya katuni kwa Kilingala cha watu wa mtaani. Na hapahapa kwetu, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha karibu mia, akaandika maneno juu ya turubai lenyewe, kisha akazieleza picha hizo kwa Kiswahili cha mji huu mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kiswahili chetu kimebeba mizigo mizito kuliko ugomvi wako wa stendi.

*Herufi zako zinabadilika ukubwa.* Piga mistari miwili myepesi ya penseli kabla ya kuandika. Basi.

Dalili ya 4: Mtu wangu ana sura mpya katika kila kisanduku

Sababu ni moja: umemtambulisha kwa uso. Uso mdogo wa milimita nane hauwezi kubeba kazi hiyo. Mpe alama tatu zinazoonekana hata akiwa amegeuka: kofia, shingo ndefu, mkoba ambao hauachi. Jaribu kumjaza weusi mtupu kama kivuli. Ukimtambua bado, yuko salama. Usipomtambua, badili kofia, usibadili pua.

Dalili ya 5: "Michoro yangu inazidi kuwa mibaya"

Hutokea mwezi wa pili. Kwanza linganisha ukurasa wa kwanza na wa leo, kwa mkono, si kwa kumbukumbu. Mara nyingi mchoro umesogea mbele na jicho lako limesogea zaidi. Hilo halina matengenezo, endelea.

Sababu ya pili ni kunakili. Asubuhi unachora kama Wabelgiji, jioni kama Wajapani, kesho kama yule uliyemwona kwenye simu. Nawakumbusha wanaokaa mezani kwangu kwamba mji huu, ukiitwa bado Élisabethville, ulikuwa na karakana ya uchoraji iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, iliyojulikana kama Hangar. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupi vilivyopangana. Pilipili Mulongoy alijaza mandhari ya ndege na samaki wake kwa nukta na madoa madogo. Kila mmoja na mkwaruzo wake. Chagua mkwaruzo mmoja wa kuonyesha kivuli, nukta au vistari au weusi mtupu, na uutumie mwezi mzima bila kuuacha. Ukichoka nao, badilisha tarehe moja ya mwezi, si katikati.

Dalili ya 6: Biki inaruka, wino unatoka kwa mabonge, au karatasi haikubali

Hapa ninarudi kwenye ufundi wangu. Fuata mpangilio.

Kwanza jaribu biki kwenye karatasi nyingine. Ikiandika vizuri, kosa ni la ukurasa. Mkosaji wa kawaida ni mafuta: mikono iliyotoka kwenye mandazi, au nta ya mshumaa iliyodondoka wakati umeme umekatika. Wino haushiki juu ya nta. Iache ikauke kabisa, ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha weka karatasi nyeupe juu na chini na upitishe pasi ya uvuguvugu. Nta itahamia kwenye karatasi hizo. Anza kwenye pembe ambayo haina mchoro, maana joto likizidi wino wa biki nao hulainika.

Biki ikigoma pia kwenye karatasi nyingine, jiulize ulikuwa umekaaje. Wanaochora wamelala chali, daftari juu ya uso, hulalamika sana. Biki ya kawaida hutegemea wino ushuke wenyewe hadi kwenye gololi. Ukiigeuza kichwa chini, hewa inaingia na mstari unakatika. Kaa. Iache biki imesimama na ncha chini kwa muda.

Bado? Gololi imekauka au imekula vumbi. Msimu wa ukame, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi letu jekundu huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Pangusa ncha kwa kitambaa, isugue kwa kuzungusha kwenye soli ya mpira ya kiatu, kisha kwenye karatasi. Usiipitishe kwenye moto kama tulivyofanya shuleni. Plastiki inayeyuka, wino unaruka, na utaenda kanisani Jumapili na kidevu cha bluu.

Wino ukitokea upande wa pili wa karatasi, basi karatasi ni nyembamba. Kaye, yaani madaftari ya shule, hazikutengenezwa kwa kalamu nene za wino wa maji. Rudi kwenye biki, ambayo wino wake una mafuta na hauenei hivyo, au chora upande mmoja tu.

Na mwanga. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, mshumaa au taa ukae kushoto kwako, kivuli cha mkono kisiangukie unapochora. Anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume. Nimewaona watu wakilaumu macho miezi mitatu.

Simama hapa. Juni na Julai baridi ya usiku inakaza vidole, na kuna anayeingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani ili achore kwa raha. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na inaua. Ukisikia kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, toka nje mara moja, toa na wenzako, tafuteni daktari. Vaa sweta na uchore mchana. Pia simu unayotumia kama toshi ikivimba mgongoni, usiichaji tena na usiitoboe, mpelekee fundi. Hilo nalisema kama fundi, na sichukui hela kwa kuliangalia.

Dalili ya 7: Fotokopi na picha za simu hutoka dhaifu

Umechora kwa bluu. Mashine za fotokopi za nyeusi na nyeupe huiona bluu vibaya, hasa ile nyepesi. Tumia biki nyeusi kwa mstari wa mwisho. Udhaifu huo una faida: rasimu ya penseli ya bluu hafifu mara nyingi haitokei kwenye nakala, hivyo huhitaji kufuta. Mistari ya kaye nayo mara nyingi hupotea. Kwa simu, piga picha karibu na dirisha, jua lisipige moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na ukurasa, na usiwashe flashi.

Dalili ya 8: Nikichora nje, watu wananizunguka au wananiuliza ninaandika nini

Sababu ya kawaida ni udadisi, na dawa yake ni kuonyesha. Geuza daftari, cheka, chora kichwa cha mtoto mmoja, wataondoka. Ile ya pili ni kwamba umemchora mtu bila kumwomba. Mama anayeuza makaa ana haki ya kukataa kuwa katuni yako. Salimia kwanza, "Jambo mama", nunua kitu, omba. Akikataa, chora mizani yake.

Sababu ya tatu, adimu lakini nzito, ni mahali. Usichore kambi ya jeshi, kizuizi cha polisi, uwanja wa ndege, ofisi za usalama, wala lango la mgodi. Wewe unaona visanduku, mwenye bunduki anaona ramani. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mchana mzima nikieleza kwa nini daftari langu lina mishale. Mishale ilikuwa inaonyesha kisanduku kinachofuata. Ukiulizwa na mwenye sare: funga daftari, jibu kwa heshima, usikimbie, usibishane, usiwafundishe sanaa. Ukizuiwa, piga simu kwa familia na mwanasheria. Wenzako wa meza wasije kwa kundi kukutetea.

Dalili ya 9: Mkono unauma

Kwanza legeza. Ukiacha tundu kwenye kidole cha kati baada ya ukurasa mmoja, unabana mno. Zungushia biki kipande cha kitambaa na skochi iwe nene, chora mistari mirefu kutoka begani, na pumzika kila baada ya dakika kumi. Angalia meza pia: ikiwa mabega yako yamepanda karibu na masikio, weka kitabu chini ya makalio.

Simama hapa ikiwa ganzi au mchomo unashika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, au vitu vinaanza kukuponyoka. Huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Ni kazi ya daktari. Usikande, usifunge kwa nguvu, usimalize "kisanduku kimoja cha mwisho". Siku hizo piga mstari wa mshazari kwenye tarehe, kama nilivyosema kwenye dalili ya kwanza.

Dalili ya 10: Madaftari yamejaa na yameanza kuoza

Sababu ya kwanza ni sakafu. Madaftari yangu ya miaka miwili niliyaweka kwenye katoni chini ya kitanda. Mvua za Januari zilipopungua nilivuta katoni, ikaja nyepesi mno. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa saruji, wakala karatasi yote ya ndani na kuacha majalada, yamesimama sawasawa kama vile hakuna kilichotokea. Kwenye moja walibakiza kurasa nne, zile zilizokuwa na doa kubwa la nta.

Yaweke juu, mbali na ukuta, kwenye rafu au ndani ya bati lenye mfuniko. Mfuko wa plastiki usiufunge kabisa msimu wa mvua, maana unyevu uliobaki ndani huzaa ukungu. Acha tundu, na mwanzoni mwa ukame yatoe yote kivulini yapate upepo siku moja. Kila mwezi yainue moja moja mkononi. Likija jepesi, lifungue hapohapo.